Maswali na majibu: kibofu kinachokukimbiza

Safari hii karibu wote mmeuliza kuhusu kubanwa na mkojo ghafla, na wengi mmeanza na "samahani naona aibu". Aibu ya nini, twende.

Naenda haja ndogo mara 12 kwa siku, usiku naamka mara tatu, nimepima sina maambukizi wala sukari. Sa naumwa nini?

Mara nyingi ni kibofu chenye haraka, yaani kibofu cha mtu mzima kinabeba kama mililita 300 hadi 500 na kikianza kujaa ubongo unakiambia subiri, sa cha kwako hakisikii, msuli wake unajikaza mapema hata kama mkojo uliomo ni kidogo, na usipowahi ndo unachomoka njiani. Kabla ya dawa tafuta daftari na kikopo chenye alama za kipimo, andika siku tatu mfululizo. Mfano: "saa 11:40 jioni, ml 90, nimebanwa vibaya, nilikuwa naingiza ufunguo mlangoni." Huo ufunguo usiuchukulie poa, wengi kibofu kinawashtukia pale pale mlangoni au wakisikia maji ya bomba! Ila ukiona damu kwenye mkojo acha kunisoma mimi, nenda hospitali.

Nimeombwa kuingia kwenye utafiti wa dawa ya kibofu. Naogopa nitapewa kidonge cha uongo miezi mitatu nihangaike bure.

Dada hofu yako naielewa, na inawezekana kweli ukapewa, manake nani apate dawa na nani apate kidonge kitupu kisicho na dawa ni bahati nasibu na mara nyingi hata daktari anayekuhudumia hajui umepata kipi. Ila "bure" hapo ndo nakukatalia. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 1998, wanawake 197 wa miaka 55 na kuendelea, wengine walipewa dawa ya oksibutinini, wengine kidonge kitupu, wengine wakafundishwa kubana misuli ya nyonga na kuizuia ile haraka. Waliopewa kidonge kitupu kuvuja kulipungua kwa 39%, kitupu kabisa! Nadhani sababu kubwa ni lile daftari, mtu akianza kuandika anajikuta anajipangia. Wa dawa walipungua 69%, na waliofundishwa mazoezi 81%, walewale wasiomeza kitu. Kwa hiyo mtu akikutangazia dawa "imepunguza kwa nusu" muulize kwanza, kidonge kitupu je kilipunguza kiasi gani? Fomu ya ridhaa isome yote, na ukichoka una haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Hayo mazoezi yanafanywaje?

Ukibanwa USIKIMBIE. Simama au kaa, bana haraka haraka mara tano sita kama unayezuia ushuzi, pumua, haraka ikishapita ndo utembee taratibu. Kukimbia kunakitikisa kibofu na unavuja njiani. Alafu kila wiki sogeza muda wa kwenda chooni kwa dakika 15 hivi. Inachukua wiki kadhaa, siyo siku mbili, na wengi wanaacha wiki ya pili halafu wanasema haifanyi kazi.

Vidonge vinanikausha mdomo mpaka ulimi unanata, na choo kigumu. Hakuna vingine?

Vipo mzee wangu. Vya kundi la zamani vinazuia ujumbe wa neva unaoukaza msuli wa kibofu, tatizo ujumbe huohuo ndo unaotoa mate na kusukuma choo. Pia kuna tafiti zimeona uhusiano kati ya kuvitumia miaka mingi na kusahau uzeeni, haijathibitishwa kwamba vyenyewe ndo chanzo ila kwa umri wako mwambie daktari. Kundi jipya kama mirabegroni linapita njia nyingine, linaulegeza msuli, mdomo haukauki hivyo, ila presha ipimwe.

Botox si ya mikunjo ya uso? Mbona nimeambiwa ya kibofu?

Ndo hiyohiyo, inachomwa kwenye ukuta wa kibofu kwa kamera ndogo. Mwaka 2012 ilishindanishwa na vidonge kwa miezi sita kwa wanawake waliokuwa wanavuja kama mara tano kwa siku, na kote kuvuja kulipungua kwa mara tatu na kidogo kwa siku, karibu sawa kabisa. Tofauti iko kwingine: walioacha kuvuja kabisa ni 27% kwa Botox na 13% kwa vidonge, ila maambukizi ya mkojo 33% kwa 13%, na wachache wa Botox kibofu kiligoma kutoa mkojo wakahitaji mpira mwembamba wa kuutoa. Mimi ningeuliza kwanza, kama itabidi nijiwekee mpira mwenyewe nitaweza? Kama jibu ni hapana, basi subiri. Na ikiisha nguvu unachomwa tena.

Nikipunguza maji si itaisha?

Ukipunguza maji sana mkojo unakuwa mkali, unakichokoza kibofu zaidi. Punguza chai na kahawa, na vinywaji vyote saa mbili tatu kabla ya kulala, mchana kunywa kama kawaida.