Homa ya mtoto usiku: Hospitali ya Bombo sasa hivi au zahanati asubuhi?

Dada wa Makorora, Tanga, uliyeuliza hivyo, homa ya mtoto wa mwaka na nusu saa nne usiku isikupe papara, ila mchunguze kwanza. Akishtuka kwa degedege, akitapika kila anachomeza, akikataa kunyonya na kunywa, au akilegea hata haamki vizuri, usingoje: chukua bajaji, moja kwa moja Bombo, mapokezi ya dharura. Kifua nacho kitazame. Mvue nguo, akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu (ukihesabu nusu dakika unaweza kukosea). Kwa umri wake, pumzi 40 na kuendelea ni haraka mno, mpeleke usiku huohuo. Vilevile mbavu zikibonyea ndani. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 akipata homa, hospitali tu.

Hana hayo, anacheza, anakunywa? Mpe parasetamoli kwa uzito wake, andika saa uliyompa, kesho mapema zahanati akapimwe malaria. Homa kushuka haina maana malaria haipo. Na sindano ya duka la dawa usikubali, inapoza joto huku ugonjwa unaendelea. Usisahau kadi ya kliniki.