Shangazi, mchumba wangu anataka tufunge ndoa kileleni, kwenye theluji

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa Machame, nesi, naishi Norwei. Mchumba wangu ni wa Telemark, mkoa wa hukohuko, kwao watoto huvishwa skii kabla hawajajua kusoma. Anataka tufunge ndoa mwezi Machi karibu na kilele cha mlima Gausta: wageni wapande kwa skii, mimi nivae vazi la bibi yake na taji la fedha, kisha wote tuteremke kwa skii hadi ukumbini. Sikufichi, nami nalipenda wazo hilo, maana nimejifunza kuteleza. Lakini mama ana magoti mabovu, na baba mkubwa, anayesimama badala ya marehemu baba, amesema hakabidhi binti wa ukoo mahali ambapo hata mbuzi wa ndafu hafiki. Mchumba anasema wazee watatazama kwa video wakiwa hotelini. Nimkatalie yeye, au niwakatalie wazee? – Bi Harusi wa Theluji*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Nilicheka nilipofika kwa mbuzi, nikanuna nilipofika kwa video. Nianze na hiyo video. Mama yako apande ndege Kilimanjaro, aunganishe nyingine, avae koti la kuazima, afike nchi ambayo hajui hata kuomba maji kwa lugha yao, halafu siku ya ndoa ya bintiye akalishwe mbele ya skrini na kikombe cha kahawa? Si bora angebaki Machame akaitazama hukohuko kwa amani yake.

Sidhani mchumba wako ana roho mbaya. Kwao harusi ni ya wawili, na anayeweza kufika anafika. Kwenu ni ya koo mbili, nyinyi wawili mmo ndani yake. Hajui, na wa kumweleza ni wewe, kwa lugha yake, siku ambayo hamjagombana.

Hata hivyo sitakuambia uache skii. Najua kuna wasomaji watakaosema uzungu umekuingia, waache waseme. Kwa watu wa Telemark skii si starehe ya watalii. Huko ndiko alikozaliwa Sondre Norheim mwaka 1825, kijijini Morgedal, mtu fukara aliyezungushia kisigino vifungo vya vijiti laini ili aweze kuruka na kukata kona bila skii kumchomoka. Mwenge wa Olimpiki ya Oslo ya mwaka 1952 uliwashwa kwenye meko ya nyumba aliyozaliwa. Kwa hiyo mchumba wako anapotaka kuoa akiwa na skii miguuni, anatafuta kile kile anachokitafuta baba mkubwa kwenye ndafu: wazee waliotangulia wawepo. Mwambie baba mkubwa hivyo hivyo. Ataelewa upesi kuliko unavyodhani.

Ninachokikataa ni kingine, na wala si magoti ya mama. Kiapo chenu kisitegemee hali ya mlima.

Wewe unayepanda na mikanda ya manyoya chini ya skii, nje ya njia zilizosawazishwa, haya unayajua. Mteremko ukizidi nyuzi 30, theluji inaweza kukatika na kuporomoka, na mara nyingi anayeikata ni mtelezaji mwenyewe au mwenzake. Aliyefukiwa anategemea dakika 10 hadi 15 za mwanzo, na wa kumfukua ni wale alioandamana nao, maana helikopta haiwahi. Ndiyo maana kila mmoja hubeba kifaa cha mawimbi kifuani, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi. Je, binamu yake wa kutoka Oslo, aliyekuja kwa ajili ya keki, anajua kutumia hivyo vitu? Wajomba wawili wakishapata vikombe vyao pale juu, nani atawateremsha?

Hebu fikiria asubuhi yenyewe. Mnafungua taarifa ya maporomoko ya theluji, ile inayopanga hatari kuanzia 1 hadi 5, mnakuta usiku upepo umevuma na kiwango kimepanda hadi 3. Mchungaji ameshafika. Mpiga picha ameshalipwa. Wewe umeshasukwa na taji limeshafungwa kwenye mkoba wa mgongoni. Nani atakayesema jamani turudi? Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani ambazo mchumba wako amezijua tangu utotoni, na ya nane inasema geuka mapema, kurudi si aibu. Siku ya kawaida atageuka. Siku ya harusi yake, mbele ya marafiki na wakwe, kurudi kutamjia kama aibu kubwa, na hapo ndipo watu wazima wenye akili zao hukosea. Harusi inamfunga mtu asigeuke. Kwa sababu hiyo tu ningekataa, hata kama mama yako angekuwa na magoti ya msichana wa miaka ishirini.

Sasa nikuambie ningefanya nini.

Ndoa ifungwe chini ya mlima, mjini Rjukan, kanisani au kwenye manispaa. Mji wenyewe una hadithi ya kumsimulia mama. Uko ndani kabisa ya bonde, jua haliufikii tangu mwisho wa Septemba hadi Machi, na mwaka 2013 walisimamisha vioo vikubwa ubavuni mwa mlima ili vimulike uwanja wa katikati ya mji. Hebu waza picha ya ukoo mzima wa Kichaga umevaa vitenge ukiota jua la kwenye kioo! Mkichagua nusu ya pili ya Machi, hata jua lenyewe linakuwa limesharudi.

Gausta haikimbii. Tena ina jambo ambalo nashangaa mchumba wako hakulitaja: kuna reli ndani ya mwamba. Ilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi, leo inabeba wageni. Unaingia na behewa tumboni mwa mlima, unahamia jingine linalopanda mwinuko mkali, unatokea karibu na kileleni bila kukanyaga theluji. Muulizeni mwendeshaji ni siku zipi za Machi inatembea. Siku ikiwa shwari, mama na baba mkubwa wapande nayo, mkutane nao juu, mle kipande cha mkate, mpige picha na hilo taji. Siku ikichafuka, mnabaki mjini na hakuna kilichoharibika, kwa sababu mmeshaoana. Na mama akiogopa kimo, mkumbushe kwamba kilele cha Gausta ni mita 1,883, karibu sawa na lango la Machame wanakoanzia wapandaji wa Kilimanjaro. Wageni wanalipa dola kuanzia pale ambapo wazungu wenzao wanaita kileleni. Kinachouma Norwei ni upepo na baridi. Basi umnunulie nguo za ndani za sufu na buti zenye meno, na hivyo viatu vya harusi avibebe kwenye mfuko.

Kuteremka kwa skii kuwe kesho yake, au siku yoyote wiki hiyo ambayo mlima utaruhusu: nyinyi wawili na marafiki wanaojua, hata nusu dazeni wanatosha. Vazi la bibi lisivaliwe kuteremkia. Vazi la asili la namna hiyo hushonwa kwa mkono, hurithiwa, na vifungo vyake ni vya fedha. Ukilichana kwenye jiwe, bibi wa watu atakusamehe kwa mdomo tu. Livae kanisani. Taji nalo likija mlimani, lije na treni, mapajani mwa mama mkwe.

Sasa wazee. Nina swali ambalo barua yako haikulijibu: baba mkubwa alizisikia habari hizi kwa nani? Kama aliziona kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, basi ugomvi wake si mlima hata kidogo. Mambo hayo yalitakiwa yafike kwake kwanza, kwa mdomo wa mshenga au wa mchumba mwenyewe. Hilo linatengenezeka. Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani, na ukoo wako utakuwa umejaa migombani. Nenda na mchumba wako. Fanyeni sendofu hukohuko: ndafu asimame mezani na majani mdomoni, mbege itoke kwenye kata, na kijana apeleke jani la sale kwa baba mkubwa na kumwomba radhi kwa lile neno la video. Baba mkubwa akishakukabidhi mbele ya ukoo, kwenye udongo wenu, safari ya Norwei inakuwa ya kusindikiza tu, na hata akishindwa kusafiri hutakuwa umekosa baba. Rjukan msimbebee nyama ya kutoka nyumbani, forodha wataichukua. Mwanakondoo mzima wa kuchoma anapatikana kwao, na mtu wa kumkata kwa utaratibu wetu ni wewe.

Makaratasi yasikulaze macho, ila usiyalimbikize. Cheti cha Norwei kinachothibitisha kwamba hamna kizuizi cha kuoana hutolewa na mamlaka ya kodi na hudumu miezi minne, kwa hiyo kukiomba mapema mno ni kazi bure. Viza ya wazee inaweza kuombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa harusi ya Machi, anzeni Septemba, msisubiri Krismasi.

Umeniuliza umkatalie nani. Mchumba mkatalie mambo mawili, kiapo cha kileleni na video ya hotelini, na umwambie sababu zote mbili. Wazee wakatalie moja: kukupangia kama uteleze au usiteleze. Ila hilo usiliseme kwa simu. Lisubiri Desemba, baada ya ndafu, mama akiwa ameshashiba.