Maswali ya Wasomaji: Ukungu wa Mahindi, Tambuu na Jeni Zinazoharibika

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mkoa wa Tanga, mjini na wilayani, na karibu zote zinauliza jambo moja: saratani huanzaje mwilini? Barua ya mahindi tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine. Mahindi yako katika kila jiko, na kinga yake iko mikononi mwa anayeyavuna na anayeyapika.

SWALI: Asalaam aleikum. Daktari mmoja anasema saratani ni jeni kubadilika, mwingine anasema ni kemikali, wa tatu anasema virusi. Tumsikilize nani? Na mbona kuna mzee mtaani kwetu ana miaka 80, amevuta sigara tangu ujana, na hana kitu? (Msomaji, Makorora)

JIBU: Waaleikum salaam. Wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake.

Ndani ya seli kuna maandishi ya DNA: herufi bilioni 3 hivi kutoka kwa mama na nyingine kama hizo kutoka kwa baba, kwa alfabeti ya herufi nne tu, A, T, G na C. Jeni ni kifungu cha maandishi hayo chenye amri ya kutengeneza kitu fulani, na binadamu ana jeni kama 20,000. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili maandishi yote, na vimeng'enya vya ukaguzi hupita nyuma kusahihisha. Wakaguzi hao ni hodari mno. Linalowaponyoka ni kosa kama moja kwa kila herufi bilioni. Lakini mwili hugawanya seli usiku na mchana, maisha yote. Chukua amri "ngoja". Badili herufi moja tu, inakuwa "ngoma", na hapo hakuna tena anayengoja.

Jeni ziitwazo RAS huamuru seli igawanyike. Herufi moja ikiharibika mahali pabaya, amri inakwama kwenye "endelea". Upande wa kuzuia ipo jeni iitwayo p53, ambayo kwa protini yake huisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika mpaka itengenezwe, au huiamuru ife. Moshi wa sigara na jua kali huivunja DNA moja kwa moja. Vingine huacha kidonda cha kudumu, seli zikawa zinagawanyika bila kupumzika ili kuziba pengo, na kila kunakili ni nafasi nyingine ya kukosea. Virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, vina ujanja wao: vinatengeneza protini inayoiteketeza p53 yenyewe.

Kosa moja halitoshi. Mara nyingi seli moja hukusanya makosa kati ya 2 na 8 yaliyo mahali pabaya, na hiyo ni kazi ya miaka mingi. Uvimbe wa sentimita 1, unaoweza kuupapasa kwa kidole, una seli karibu bilioni moja. Yaani ukoo wa ile seli ya kwanza umeshaongezeka maradufu mara 30 hivi kabla hujaugusa.

Kuhusu mzee wa mtaani, makosa huangukia popote. Yake huenda yameangukia vifungu visivyo na kazi kubwa, au seli zilizopotoka zilikufa mapema. Ila mumtazame kwa haki: mnamwona yeye kwa sababu yupo. Waliovuta naye wakafa na miaka 55 hawapo barazani wa kuonyeshwa kidole.

SWALI: Mahindi yangu yalinyeshewa yakiwa shambani, mengine yana ukungu wa kijani. Nikiyaanika tena na kusonga ugali kwa moto mkali, sumu si itakufa? (Mkulima, Handeni)

JIBU: Haifi. Ukungu wenyewe utakufa, lakini sumukuvu (aflatoksini), yaani sumu uliyoiacha kwenye punje, huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 230, wakati maji ya ugali yanachemka kwenye 100. Kwa macho, punje yenye ukungu wa kijani ni ya kutiliwa shaka, lakini hata punje inayong'aa inaweza kuwa nayo. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, na ile kali kuliko zote, B1, isizidi 5. Piga hesabu: gramu 1 tu ikisambaa sawasawa kwenye tani 100 inafikisha kiwango hicho.

Tuone inavyofanya ndani ya ini. Ini hujaribu kuibadilisha B1 ili itoke mwilini, na katika kuibadilisha huizalisha kuwa kitu kikali zaidi kinachonata kwenye herufi G ya DNA. Seli ikinakili kabla ya kusafisha pale, G inasomwa kama T. Ndani ya jeni ya p53 kuna mahali pamoja panapoumizwa hivi mara nyingi, neno la 249, lenye herufi tatu: AGG inageuka AGT, na protini ya ulinzi inatoka na kasoro. Katika sehemu za Afrika na China zenye sumukuvu nyingi, kasoro hiyo hiyo imeonekana mara kwa mara kwenye uvimbe wa ini. Kwingineko ni nadra. Ni kama alama ya kidole iliyoachwa na mhalifu.

Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko hatarini maradufu na zaidi, kwa sababu kinga ya mwili ikipigana na virusi huua seli za ini na nyingine zinagawanyika haraka kuziba pengo, hivyo zile G zilizonatiwa zinanakiliwa kabla hazijasafishwa. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B ni kinga ya saratani. Mtoto huipata ndani ya sindano ya penta akiwa na wiki 6, 10 na 14, asikose hata moja. Mtu mzima apime kwanza. Akiwa hana virusi, achome dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6.

Sasa mahindi yako. Usiyaanike juu ya udongo, maana kuvu wanaishi humo; tandika turubai au tumia kichanja, na uyafunike kabla umande haujashuka. Unyevu unaotakiwa ghalani ni asilimia 13.5 au chini. Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, jaza punje mpaka theluthi yake, tia vijiko vitatu vya chai vya chumvi kavu, tikisa dakika 2 hadi 3, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudi juani. Isipoganda, bado usikimbilie kufunga magunia: umeshuka chini ya 15, lakini huenda hujafika 13.5, basi anika siku moja au mbili zaidi. Wengi hukosea kwa kutumia chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, na hewa yetu ya pwani huilowesha upesi. Ikaange kidogo kwanza, ipoe.

Chambua kabla ya kusaga, punje kwa punje: zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi, zote kando. Ukishasaga huwezi tena kutenganisha. Kukoboa kunapunguza sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo mwaka wa mvua mbaya sembe ni salama kuliko dona. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Na yale uliyoyatupa kando usimpe ng'ombe wa maziwa. Sumu hupita mwilini mwake na kutoka kwenye maziwa, na huku Tanga maziwa hayo ndiyo tunayowapa watoto. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Hao iliwaua kwa wiki, wala haikusubiri saratani.

SWALI: Natafuna tambuu, popoo na chokaa, bila tumbaku. Niko salama? (Msomaji, Pangani)

JIBU: La, mama. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka popoo peke yake, bila tumbaku, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Chokaa huzidisha madhara, kwa sababu popoo ikichanganyika nayo hutoa chembechembe kali zinazochubua DNA ya ngozi ya mdomo. Jipime: panua kinywa na uingize vidole vitatu vikiwa wima, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele. Visipoingia, na zamani viliingia, ngozi ya ndani imeanza kukakamaa. Doa jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kilichopita wiki 3, kionwe na daktari wa meno.

SWALI: Watoto wetu wanakojoa damu wakitoka mtoni, wazee wanasema ni kubalehe. Ina uhusiano na saratani? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Hicho ni kichocho, wala si kubalehe. Minyoo hutaga mayai yenye mwiba, yanakwama kwenye ukuta wa kibofu, na kidonda kinabaki miaka. Ndicho kile kidonda cha kudumu tulichokieleza hapo juu. Mwisho wake unaweza kuwa saratani ya kibofu. Mkojo upelekwe maabara kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, yaani mwenye kilo 30 anameza 1,200, ambazo ni vidonge viwili vya 600. Haiui minyoo michanga, hivyo dozi moja si kinga ya mwaka mzima. Maji ya bwawa yakikaa ndani ya pipa siku mbili bila konokono, vijidudu vinavyopenya ngozi vinakuwa vimekufa. Baharini hakuna kichocho; waogelee huko.

SWALI: Mama alifariki kwa saratani ya matiti. Nami nimeirithi? (Dada, Ngamiani)

JIBU: Pole sana, dada. Ugonjwa wenyewe haurithiwi. Kinachoweza kurithiwa ni jeni moja iliyokwisha kuharibika, na hilo hutokea katika saratani 5 hadi 10 kati ya kila 100. Tunazo nakala mbili za kila jeni. Aliyezaliwa na moja mbovu amebakiza moja tu ya kumlinda. Shuku urithi ikiwa mama aliugua kabla ya miaka 50, ikiwa matiti yote mawili yaliugua, ikiwa kuna saratani ya ovari katika ukoo, au mwanamume mwenye saratani ya titi. Uhesabu na upande wa baba, wengi husahau. Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, mweleze daktari wa hospitali ya mkoa, Bombo, ili upangiwe uchunguzi wa matiti mapema kuliko wenzako.

Kwa watoto, saratani ya jicho ndiyo iliyowafundisha wataalamu habari hii ya nakala mbili, mwaka 1971. Mboni ikionekana nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo.