Thimlich Ohinga si kazi ya wageni

Ndugu, umeuliza kama kuta za Thimlich Ohinga, ile ngome ya kale ya mawe kule Migori, Kenya, zilijengwa na Waarabu, kwa kuwa "wenyeji walikuwa wa udongo na nyasi tu." Hapana. Waarabu na mawe ya kule hawakukutana. Waliojenga ni watu wa hapohapo, yapata karne ya 16, na inaelekea walikuwa Wabantu waliotangulia. Waluo walipofika wakaingia, wakakarabati, wakaendelea kuishi humo. Hata jina ni la Kijaluo: ngome ya mawe kwenye msitu wa kutisha.

Ukifika, tazama ukuta wenyewe. Hakuna chokaa wala hata udongo wa kushikiza. Mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, katikati yakasokomezwa madogo, jiwe linalishika jiwe. Unene kama mita moja, na mahali pengine kimo kinapita mita 4. Halafu mlango: mfupi mno, lazima uiname. Adui akiinama hivyo, shingo yake ni ya mwenye boma! Ndani kuna alama za mazizi, kwa hiyo unajua mali iliyolindwa ilikuwa mifugo. Kumeonekana pia dalili za ufuaji chuma, na shanga za kioo kutoka mbali, maana yake biashara ilikuwepo.

Na kazi ya kubeba mawe yote hayo haifanywi na familia moja. UNESCO waliitambua ngome hii kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Sisi bado tunabishana ni ya nani.