Kupima mavuno ya asali na uyoga wa msituni bila kumlazimisha mtu abuni namba

Ukitaka mrina asali akudanganye bila yeye mwenyewe kukusudia, muulize mwaka jana alipata kilo ngapi. Atakujibu tu. Watu wa Tabora ni waungwana. Mgeni hawezi kufika uani, akapewa kigoda, halafu akanyimwa jibu. Mwenyeji atatazama juu kidogo, atataja namba yenye sifuri mwishoni, nawe utaiandika. Kuanzia hapo namba hiyo itapanda kwenye taarifa ya kata, kisha ya wilaya, na kila inapopanda inazidi kuheshimiwa.

Nimekuwa nikisaidia kamati za maliasili za vijiji kutunza kumbukumbu za vitu vinavyotoka msituni ambavyo si mbao, kuni wala mkaa: asali, nta, uyoga, matunda pori, dawa. Ushauri huu ni kwa katibu wa kamati aliyekabidhiwa kaunta buku na kalamu akaambiwa "weka takwimu", au kwa afisa nyuki aliyepangiwa kituo kipya.

Mrina asali hahesabu kilo. Anahesabu ndoo, madebe na madumu, na hapo hakosei. Mwache ahesabu hivyo hivyo. Kugeuza ndoo ziwe kilo ni kazi yako wewe, na unaifanya mara moja kwa kila aina ya chombo: pima kikiwa kitupu, pima kikiwa kimejaa, toa. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ina takriban kilo 1.4. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa asali iliyochujwa inakaribia kilo 28, na chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile inayopangwa juu ya meza kando ya barabara, ina kilo 2 na kidogo. Nimeona madaftari ambamo kila ndoo imeandikwa kilo 20 kwa sababu ubavuni ina "20". Kilo nane za kila ndoo zimeishia kwenye kalamu, yaani zaidi ya robo ya asali ya kijiji kizima.

Tatizo lingine ni kwamba asali haitoki mzingani ikiwa imechujwa. Ndoo inayoshuka kutoka kambi ya warinaji msituni imejaa masega: mna asali, nta, chavua, pengine majana, yaani watoto wa nyuki, na vipande vya gome, na katikati yake hewa tupu. Ndoo hiyo ukiizidisha kwa 28 utakuwa umevuna hewa. Daftari liwe na safu mbili, moja ya masega na nyingine ya asali iliyochujwa, na ndoo moja isiingie kote kote. Kisha omba ruhusa kwa warinaji wachache, mchuje pamoja ndoo zao, mpime asali, myeyushe nta nayo mpime. Hapo mtapata uwiano wenu wenyewe. Usiazime wa kwenye kitabu, kwa sababu anayerina mzinga wa gome huondoka na masega mchanganyiko, wakati mwenye mzinga wa kisasa huchagua sega lililokwisha kuzibwa na nyuki. Tena nta wapo wanaoitupa palepale msituni. Hiyo nayo iandikwe, maana ni mavuno yaliyotoka msituni hata kama hayakufika sokoni.

Ndoo peke yake hazikuambii msitu unaendeleaje. Lazima ujue mizinga. Swali hili nalo lina namna yake ya kuulizwa, na aliyenifundisha ni mzee mmoja wa huko Sikonge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mizinga yako mingapi?"

Akacheka. "Iliyotundikwa, au yenye wenyewe?"

Wenyewe ni nyuki. Ufugaji wa huku ni wa kutundika mizinga mingi na kusubiri makundi yaingie, na mingine hukaa misimu bila kupata mpangaji. Tuseme mtu ametundika mizinga 200, yenye nyuki ni 120, akarina 90 na kupata ndoo 30 za asali iliyochujwa. Hizo ni kilo 840. Ukigawa kwa mizinga aliyorina, kila mmoja umetoa kilo 9 na kidogo. Ukigawa kwa yenye nyuki, ni kilo 7. Ukigawa kwa yote iliyotundikwa, ni kilo 4.2. Majibu yote matatu ni sahihi, na kila moja linasema jambo lake. Mwaka ujao akileta ndoo 15, utataka kujua kama makundi yamehama, kama mvua iliharibu maua, au kama mzee hakwenda kambini kwa sababu tumbaku ilimbana. Bila safu hizo tatu za mizinga utabaki kukisia, na wakubwa wakikisia huwa wanasema nyuki wamepungua.

Ongeza safu ya nne: mizinga mipya ya magome iliyotengenezwa mwaka huo. Mzinga wa gome hupatikana kwa kuchuna gome la mti mzima mzima kuzunguka shina, mara nyingi mtundu au muba, na mti uliochunwa hivyo hufa. Ndiyo miti ile ile ambayo maua yake huwapa nyuki asali. Kamati inayohesabu ndoo bila kuhesabu miti iliyovuliwa magome inaandika mapato na kuficha matumizi. Hapa maneno ya watu hayatoshi, ingia msituni: chagua vipande vichache vya eneo, weka alama, urudi kila mwaka kuhesabu mashina yaliyochunwa. Njia hiyo hiyo inafaa kwa miti inayochimbwa mizizi au kubanduliwa magome ya dawa, maana mganga hatakwambia anachimba wapi, na mimi sioni sababu ya kumbana.

Sasa jambo ambalo kwenye semina hulipitia haraka. Anayeandika mavuno asiwe ndiye anayekusanya ushuru. Mtu akiona kitabu kilichoandika ndoo zake kinafunguliwa kesho yake kwenye kizuizi cha mazao, msimu unaofuata ndoo zake zitapungua nusu bila nyuki hata mmoja kuhusika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kujitungia sheria ndogo, kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuamua mapema daftari la mavuno lisomwe vipi na nani. Mimi napendelea hesabu za jumla zisomwe hadharani, na za mtu mmoja mmoja zibaki kwa katibu.

Uyoga una tabia zake. Hauna kambi wala ndoo. Unaokotwa na akina mama na watoto asubuhi baada ya mvua, na mwingi unaliwa siku hiyo hiyo. Kumuuliza mama aliokota kiasi gani msimu mzima ni kumwonea. Muulize jana. Jana anaikumbuka vizuri: alienda na nani, beseni lilijaa au halikujaa, alimpa jirani kiasi gani, mafungu mangapi yalifika barabarani. Rudi siku nyingine, na nyumba nyingine, ukichagua nyumba kwa kura badala ya kwenda kwa wale wale wenye viti vizuri. Siku ambazo hakuna aliyekwenda kuokota nazo ziandikwe, tena kwa sifuri, la sivyo utazidisha siku nzuri peke yake na kijiji kitaonekana kinakula uyoga mwaka mzima.

Kupima uyoga wenyewe, nunua mafungu machache kwa wauzaji tofauti, pima kila fungu, kisha kausha na upime tena. Sehemu kubwa ya uyoga mbichi, takriban tisa ya kumi, ni maji. Kilo 10 za mbichi zinaweza kubaki kilo 1 kavu. Ukichanganya gunia la uyoga mkavu na beseni la mbichi kwenye safu moja, safu hiyo haina maana tena. Tenga pia ule wa vichuguuni na ule wa njano unaoota chini ya mitundu, kwa sababu kinachouotesha huu sicho kinachouotesha ule.

Sehemu ambayo haionekani popote ni inayobaki nyumbani. Asali inayovuka mpaka inaandikwa forodhani, ina namba yake, 0409, na ndiyo inayotajwa kwenye hotuba. Iliyotiwa kwenye uji wa watoto, iliyopelekwa kwa mkwe, na ile yenye majimaji iliyogeuzwa pombe ya wanzuki haina namba yoyote. Muulize mrinaji kila ndoo ilikwenda wapi: iliuzwa, ililiwa, ilitolewa, ilipikiwa pombe. Ukiuliza kwa mpangilio huo hatakuona mpelelezi, na mara nyingi ndoo mbili tatu alizozisahau hujitokeza hapo, hasa kwenye pombe.

Mwisho ni mizani. Kamati nyingi hutumia ile ya kuning'iniza yenye ndoano, inayokaa stoo mwaka mzima na springi yake ikilegea taratibu. Kabla ya msimu, tundika ndoo tupu usome, kisha tia lita 10 za maji kwa chombo chenye alama ya kuaminika. Mshale usogee kilo 10. Ukisogea 9 au 11, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na tarehe, kisha tafuteni nyingine. Kama mizani hiyo hiyo inatumika kununulia asali ya watu, ipelekeni kwa Wakala wa Vipimo ikahakikiwe, kwa sababu hapo sasa ni fedha ya mtu.