Vichaka vya maua na kiangazi cha Dodoma

SWALI: Ndugu mtaalamu, nimehamia Iyumbu mwaka jana nikitokea Morogoro. Mwezi wa Juni nilipanda miche sita ya haibiskasi na minne ya waridi mbele ya nyumba, nikawa ninaigawia ndoo moja ya lita 20 kila jioni bila kukosa. Kufikia Septemba zilibaki fimbo tupu. Je, udongo wa huku haufai kwa maua, au nilichagua vibaya? Msomaji, Iyumbu.

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, kwa maana miche kumi si fedha kidogo. Udongo wako hauna lawama kubwa. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na kwa mwaka mzima hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 tu. Mche uliopandwa Juni huwa na miezi mitano ya ukame na upepo mkali mbele yake, wakati mizizi yake ingali na umbo la kiriba, kile kifuko cha kitalu ulimotolewa.

Hata hivyo, naamini kilichoiua zaidi ni namna ulivyoimwagilia. Siku moja mwagilia kama ulivyozoea, kisha kesho yake asubuhi chimba kidogo kando ya shina kwa kisu. Utaona weusi wa unyevu umeshuka vidole viwili tu, na chini yake udongo mwekundu mkavu unaomomonyoka kama unga. Lita mbili kwa mche hulowesha uso wa ardhi, jua huzimaliza kabla ya adhuhuri, na mizizi huzoea kubaki juu, mahali ambapo joto huiunguza. Maji yale yale ungeyakusanya yakawa ndoo tano kila baada ya siku tano, kila mche ukapata lita 10 taratibu ndani ya kisahani cha udongo kilichozunguka shina, yangeshuka chini na kuivuta mizizi iyafuate.

Kuhusu uchaguzi, haibiskasi na waridi si haramu Dodoma, ila ziwe chache na karibu na bomba, tena upande unaopata kivuli cha alasiri. Sehemu kubwa ya bustani ningeiachia mimea inayostahimili kiu. Mhina hukatwa vizuri ukawa uzio, na maua yake madogo hunukia sana jioni. Bogenvilia hulipenda jua kali. Waridi la jangwani huhifadhi maji katika shina lake nene, lakini utomvu wake ni sumu, kama ulivyo ule wa oleanda, kichaka kingine cha maua, kwa hiyo vyote viwili visiwe mahali wanapochezea watoto au wanapopita mbuzi. Minyaa nayo ni uzio imara. Ila anayeikata alinde macho yake, kwa kuwa utomvu wake huunguza.

Chimba mashimo sasa, yenye kina na upana wa sentimita 60, ukitumia sururu au mtaimbo pale utakapokuta tabaka gumu, maana mzizi hauwezi kulitoboa peke yake. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa, kwani samadi mbichi huunguza mizizi na kuvuta mchwa. Panda mvua ikishalowesha ardhi vizuri, kisha tandaza nyasi kavu, ukiziweka mbali na shina kiasi cha kiganja.

SWALI: Bogenvilia yangu ina miaka minne, imejaa majani mabichi, lakini haitoi maua. Ninaipa maji na samadi kila wiki. Nifanye nini zaidi? Msomaji, Mpwapwa.

JIBU: Mama, punguza badala ya kuongeza. Bogenvilia inayoshibishwa maji na mbolea hukuza majani tu. Ikishatia mizizi, kiu kidogo ndicho kinachoifanya ichanue. Acha samadi, na usimwagilie mpaka majani yaanze kulegea. Hakikisha pia inapata jua la kutwa, kwani kwenye kivuli cha mwembe haitachanua hata ukiinyima maji. Rangi ikishapauka, pogoa ncha za matawi, maana machipukizi mapya ndiyo yanayobeba maua, na uvae glavu nene kwa ajili ya miiba.