Kabla hujahesabu seli za tezi za mate za vitoto vya panya

Mdogo wangu, tuanze na panya mwenyewe. Kiswahili kinamwita panya yule wa gramu 25 na yule wa gramu 300 kwa jina lilelile, na ukisema panya buku, watu wa Morogoro watakuletea yule anayenusa mabomu. Kwenye daftari andika jina la kisayansi, Mus musculus (yule mdogo) au Rattus norvegicus (yule mkubwa), maana tezi zao za mate hazikui sawa. Kwa Mus dume, tezi ya chini ya taya hubadilika akibalehe: sehemu ya mifereji yake hunenepa na kujaa chembechembe kwa nguvu ya homoni za kiume, wakati jike anazo kidogo tu. Ndiyo tezi aliyoitumia Stanley Cohen, mwanabiokemia wa Marekani. Vitoto alivyovidunga dondoo ya tezi hiyo vilifungua macho na kuota meno kabla ya siku zao, na safari hiyo ikaishia kwenye Nobeli ya 1986, aliyoipata pamoja na Rita Levi-Montalcini. Kwa hiyo usiniletee wastani wa madume na majike waliochanganywa.

Kutoa tezi kunataka mkono uliozoea. Ile ya chini ya taya huonekana mara moja, ila imeshikamana na ya chini ya ulimi ndani ya utando mmoja, na jirani yake kuna tezi za limfu zinazowadanganya wageni wote. Ya karibu na sikio ni mtihani zaidi: imetawanyika kwenye mafuta, na kwa kitoto cha siku mbili utadhani haipo. Kata kipande, kiangalie kwenye hadubini, ndipo uamini.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na vitoto 8 wa siku ya 14, nimehesabu viini vya seli vilivyoshika rangi ya kuonyesha kwamba seli inagawanyika, jedwali safi kabisa. Msimamizi akaliangalia, akauliza, "Hapa una mama wangapi?" Nikajibu, "Wawili." Akafunika daftari. Vitoto wa uzao mmoja wanafanana, na wakiwa wengi wanagombea chuchu na kudumaa pamoja, tezi zao zikiwemo. Nilikuwa na sampuli 2, si 8. Miezi mitatu ilikwenda hivyohivyo.

Kingine kilichonisumbua ni kudhani kwamba seli ikishaanza kutengeneza mate imeacha kugawanyika. Sivyo. Katika wiki za kwanza utakuta seli ya kishada, yaani kile kifuko kidogo kinachotengeneza mate, imejaa chembechembe za usiri na bado kiini chake kinagawanyika. Basi usihesabu "seli za tezi" kwa jumla. Tenga za vishada, za mifereji, na za tishu unganishi, ambazo nazo zinaongezeka. Na tezi ikiwa nzito zaidi haina maana seli zimeongezeka, huenda zimenenepa tu. Kwenye tezi ya karibu na sikio ya Rattus utaona pia seli zenye viini viwili, hivyo amua mapema kama unahesabu viini au seli. Wakati vitoto wanaanza kula chakula kigumu, kuelekea kuachishwa kunyonya siku ya 21 hivi, amilesi ya tezi hiyo, kimeng'enya kinachovunja wanga, hupanda sana. Umri huo usiuruke.

Alama za kutambua seli zinazogawanyika ni mbili: Ki-67, protini ya seli yenyewe, na BrdU, kemikali anayodungwa mnyama akiwa hai. Usizilinganishe asilimia kwa asilimia. Ki-67 hushika seli yoyote iliyo kwenye mzunguko wa kugawanyika. BrdU hushika zile tu zilizokuwa zinanakili DNA muda mfupi baada ya sindano. BrdU pia inataka DNA ifunguliwe, kwa kawaida kwa asidi ya haidrokloriki, na ukizidisha asidi viini vinachakaa, unabaki na vivuli.

Saa nayo ni muhimu. Kugawanyika kwa seli kuna majira yake ndani ya siku, kwa hiyo kama kundi la kwanza ulilichukua saa tatu asubuhi, la pili usilichukue saa kumi jioni kwa sababu ulichelewa daladala. Andika umri, mama, jinsia na saa kwenye kila slaidi, kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika kwenye alkoholi ya kuandalia slaidi, na slaidi arobaini zisizo na jina zote ni za waridi, zote zinafanana.